Alilia Kwanza, Ndipo Akamwita Lazaro

"Kazi ya Mungu haina makosa." Ukihudhuria mikutano ya matanga hapa Nairobi, iwe Umoja, Kayole, Dandora au katika ukumbi wa kanisa katikati ya mji, utayasikia maneno haya kabla chai haijamiminwa. Mwenyekiti wa kamati atayasema, mzee wa kanisa atayarudia, na mhubiri akisimama atayafungulia mahubiri yake. Yatafuatwa na mengine ya aina hiyo: Bwana alitoa na Bwana ametwaa, Mungu ana mpango wake, jikaze, sisi si watu wasio na tumaini. Mjane ameketi mbele ya watu wote, leso mkononi, na karibu kila anayekuja kumpa mkono anamwachia sentensi moja ya kumtaka anyamaze.

Siukani ukweli uliomo katika maneno hayo. Ninachopinga ni mahali tunapoyaweka. Ayubu alisema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" juu ya watoto wake mwenyewe na mali yake mwenyewe; hakuambiwa na mtu mwingine. Rafiki zake watatu walimfaa kwa siku saba, mchana na usiku, walipoketi naye chini bila kutamka neno. Walianza kumtesa siku walipofungua vinywa na kumweleza sababu. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, hakuwakataza kuhuzunika.

Naamini faraja ya Kikristo ina mwanzo mwingine. Haianzi na jibu la kwa nini jambo limetokea. Inaanza na Yesu, ambaye ameishi taabu ya binadamu katika mwili wake na kwa hiyo anaijua kwa kuipitia. Tukimruka yeye tukakimbilia maelezo, tunamtwika aliyefiwa, aliyefutwa kazi au aliyeugua mzigo wa pili juu ya ule alio nao: sasa inambidi pia ailinde imani ya wale wanaomtazama.

Tusome Yohana 11 polepole, kwa maana sura hii husomwa sana makaburini na husomwa kwa haraka. Yesu anapata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa. Anakaa siku mbili pale alipo. Anapofika Bethania, kijiji kilicho karibu na Yerusalemu, maiti ina siku nne kaburini. Martha anamlaki njiani na maneno ambayo mtu yeyote aliyewahi kusubiri ambulensi isiyofika anayajua: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu anatoka nyumbani baadaye na kumwambia maneno yale yale. Bila shaka dada hawa walikuwa wameyarudia wao kwa wao siku hizo nne, usiku na mchana.

Yesu hamkemei hata mmoja wao. Martha anajibiwa kwa mafundisho, kwa sababu Martha alitaka kuzungumza: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu, aliyeanguka miguuni pake akilia, hapewi fundisho lolote. Anaulizwa swali moja tu, la mahali: mmemweka wapi? Kisha Yohana anaandika kwamba Yesu akaugua rohoni, akafadhaika, akalia machozi.

Kinachonishangaza kila mara nikisoma hapa ni kwamba Yesu alijua mwisho wa habari. Alikwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "acheni kulia, mambo yatakuwa sawa sasa hivi," ni yeye. Alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa umebakiza dakika chache. Hata hivyo alisimama na wafiwa akalia pamoja nao, wala kujua mwisho hakukumfanya aione huzuni yao kuwa ndogo. Basi sisi, ambao hatujui hata kesho ina nini, tunapata wapi ujasiri wa kumharakisha mtu ayafute machozi yake?

Na hata pale Bethania walikuwapo wenye shaka, ambao Yohana hakuwaficha. Wengine walisema angalieni jinsi alivyompenda. Wengine wakauliza: huyu aliyemfumbua macho yule kipofu, hakuweza kumfanya na huyu asife? Swali hilo ni la haki, na hakuna aya inayosema Yesu aliwafukuza waliouliza.

Tukitoka Bethania twende kwenye waraka kwa Waebrania, ndiko tunakopata jambo hili likielezwa kwa undani zaidi. Mwandishi anasema hatuna kuhani mkuu asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu, bali yeye alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Sura ya 2 inatoa sababu: kwa kuwa mwenyewe aliteswa alipojaribiwa, aweza kuwasaidia wao wanaojaribiwa. Na sura ya 5 inathubutu zaidi, inasema kwamba ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Mungu anajua yote tangu milele, hilo kila muumini wa dini yoyote ya hapa kwetu atakubali. Lakini Waebrania wanazungumzia kujua kwa namna nyingine, kunakopatikana kwa njaa, kwa uchovu, kwa kuogopa, kwa kusalitiwa.

Kanisa la kwanza lilipigania jambo hili kwa bidii ambayo leo tunaisahau. Walikuwapo waliofundisha kwamba mwili wa Yesu ulikuwa sura tu, kwamba alionekana kama anateseka. Waraka wa kwanza wa Yohana unawapinga vikali: roho isiyokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili haitokani na Mungu. Karne tatu baadaye askofu Apolinari wa Laodikia alikubali mwili lakini akafundisha kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu, kwamba mahali pake palikaa Neno la Mungu, yaani Mwana wa milele. Mtaguso wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 381 ulilikataa fundisho hilo, na askofu Gregori wa Nazianzo alitoa hoja ambayo ni vigumu kuishinda: kile ambacho Kristo hakukitwaa, hakikuponywa. Kama hakuwa na akili kama yetu, basi wasiwasi wetu, usingizi unaokataa, hofu inayotupata saa nane za usiku, vyote vimebaki nje ya wokovu. Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451 ukakamilisha kwa kusema kwamba yeye ni Mungu kweli na mtu kweli, wa asili moja nasi katika utu wetu, isipokuwa dhambi. Tunapokariri imani Jumapili asubuhi tunaweza kudhani haya ni mabishano ya maaskofu wa kale. Kwangu mimi ni ulinzi waliomwekea mtu wa kawaida ili asije akaambiwa kwamba Mwokozi wake hajui anachopitia.

Sasa tuje mjini mwetu.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, watu hutembea kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Kibera kwenda Industrial Area. Husimama nje ya mageti ya viwanda kusubiri kibarua. Msimamizi hutoka, hutazama, huonyesha kidole huyu na yule, kisha geti hufungwa. Waliobaki hawaondoki mara moja. Husogea hadi geti la pili, la tatu, au huketi kando ya barabara wakitumaini lori litakalohitaji watu wa kupakua. Ikifika saa tatu kila mmoja ameshajua siku yake itakuwaje, lakini kurudi nyumbani mapema mikono mitupu ni kugumu kuliko kukaa juani. Mama fua nao hukaa hivyo hivyo kwenye kona zao wakisubiri nyumba itakayohitaji nguo kufuliwa.

Soma Mathayo 20 ukiwa umewaona watu hao. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hatimaye saa kumi na moja jioni, anakuta wengine bado wamesimama. Anawauliza kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi. Wanajibu: "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Ni jibu fupi mno, na ndani yake mna siku nzima ya kutazamwa na kuachwa. Yesu hakulipamba. Hakuwafanya wavivu, hakusema wangeamka mapema zaidi, ilhali hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wenye kazi za mshahara hapa mjini humwambia asiye nayo. Mfano ni wa neema ya ufalme wa mbinguni, nakubali. Lakini aliyeutunga anaijua hali ile ya sokoni, anajua mtu wa saa kumi na moja anasimamaje, na anajua kwamba nyumbani kwa mtu huyo chakula kinachohitajika jioni ni cha dinari nzima, wala si cha saa moja.

Alijuaje? Alikuwa fundi. Marko 6 inasema watu wa kwao walimwita seremala, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Nazareti kilikuwa kijiji kidogo. Kama kilomita 6 tu kutoka hapo ulikuwapo mji wa Sepphoris, ambao Herode Antipa aliujenga upya katika miaka ya utoto na ujana wa Yesu. Injili haziutaji. Lakini yeyote aliyekulia karibu na mji unaojengwa anajua maisha ya fundi yalivyo: kazi inakuja, kazi inakatika, malipo yanacheleweshwa. Wazazi wake nao hawakuwa na kitu. Luka anasema walipompeleka hekaluni walitoa sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na Walawi 12 inaeleza kwamba hiyo ni sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwana-kondoo. Kabla ya hapo alizaliwa safarini, akalazwa horini. Mathayo anaongeza kwamba alibebwa usiku kukimbilia Misri, kwa hiyo familia za Wakongo zinazoishi Kayole zikisubiri karatasi zao zishughulikiwe zina mtu wa kuzungumza naye anayeijua safari ya namna hiyo.

Nimewahi kumsikia mhubiri akisema kwa sauti kubwa, vipaza sauti vikinguruma hadi barabarani, kwamba umaskini ni dalili ya imani haba na kwamba asiyepanda mbegu asitarajie mavuno. Mbegu, kwa wasiojua, ni pesa. Mbele yake walikuwa wameketi watu waliokuja kwa miguu kwa kukosa nauli. Mafundisho haya yameenea sana mjini kwetu, na sina budi kusema wazi kwamba yanamdhulumu Yesu mwenyewe. Mwana wa Adamu alisema mbweha wana pango na ndege wana viota, naye hana pa kulaza kichwa chake. Kama dhiki ni ushahidi wa imani pungufu, basi yeye ndiye wa kwanza kuhukumiwa.

Na hapo ndipo Gethsemane inapotufaa. Yesu anawachukua rafiki watatu na kuwaambia bila kuficha: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Kwetu mwanamume hufundishwa kujikaza kisabuni. Baba wa nyumba anaweza kufutwa kazi Machi na mke wake asijue hadi Juni, akiondoka kila asubuhi amevaa vizuri, akishinda mahali fulani mjini hadi jioni. Yesu hakujikaza. Alisema anaogopa, akaomba watu wawe karibu, na watu hao wakalala usingizi. Anajua basi lile la pili pia, la kumweleza mtu shida yako na akashindwa kukesha nawe hata saa moja.

Akaomba: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Kikombe hakikuondolewa. Ombi la Mwana mwenyewe, asiye na dhambi, mwenye imani yote, halikupewa kile lilichokiomba. Hata hivyo Waebrania 5 inasema aliomba kwa kulia sana na machozi, "akasikilizwa." Nimekaa na neno hilo muda mrefu. Alisikilizwa, na bado alikufa kesho yake. Kwa hiyo kusikilizwa hakupimwi kwa kikombe kuondoka. Mama aliyekesha akimwombea mtoto wake wodini, na mtoto akaaga alfajiri, ana haki ya kujua hivyo kabla mtu hajamwambia kwamba hakuomba vya kutosha.

Hospitali ni mahali pengine ambapo Nairobi inamhitaji Yesu huyu. Kila mmoja wetu yumo katika kundi la WhatsApp la kuchangia bili ya mtu. Tunajua jinsi linavyoanza kwa jina na picha, nambari ya M-Pesa, orodha ya waliotoa, na siku mbili baadaye ukimya. Mwaka 2015 Mahakama Kuu hapa jijini iliamua, katika kesi ya kina mama waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu hajalipa ni kinyume cha Katiba. Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa, NHIF, ikaondoka, na mfumo mpya wa SHA ukaingia mahali pake. Sheria na mifumo hubadilika, na bado watu huuza ng'ombe, shamba na pikipiki kwa ajili ya matibabu.

Marko 5 inamtaja mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Marko anasema aliteswa mengi na tabibu wengi, akagharimiwa vitu vyote alivyo navyo, kusimfae hata kidogo, bali hali yake ikazidi kuwa mbaya. Sijui sentensi nyingine ya kale inayoeleza mwisho wa akiba ya familia kwa ukweli kama hiyo. Tena kwa sheria ya wakati ule ugonjwa wake ulimfanya najisi, kwa hiyo kwa miaka hiyo yote kumgusa mtu lilikuwa tatizo. Anapenya katika umati, anagusa vazi, anapona papo hapo. Angeweza kwenda zake. Yesu anasimama na kuuliza nani amemgusa.

Ukumbuke alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake alikuwa kufani. Kila dakika ilikuwa na thamani. Msongamano ulikuwa mkubwa, wanafunzi wanashangaa swali lenyewe. Lakini alisubiri mpaka mwanamke akaja akitetemeka, akaanguka mbele yake, "akamweleza kweli yote." Yote. Miaka 12, matabibu, pesa, aibu. Mwili ulikuwa umeshapona. Kusikilizwa kulikuwa bado, na Yesu hakutaka aondoke bila hicho. Kisha akamwita binti. Kwa mpangilio wa mambo ya mjini, mkuu wa sinagogi ndiye anayepitishwa mbele ya foleni. Hapa mkuu alisubiri huku mwanamke asiye na senti akimaliza hadithi yake, na habari za msiba zilipomfikia Yairo akiwa pale pale, Yesu akamwambia asiogope, akaenda naye hadi nyumbani.

Kuna pingamizi mbili ambazo watu wenye akili huzitoa, na zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni kwamba Yesu hakupitia kila kitu. Hakuwa mama. Hakuzeeka. Hakuishi na ugonjwa wa sukari miaka 30, hakumzika mtoto aliyemzaa, hakuachwa na mume. Ni kweli. Waebrania hawasemi alikusanya kila tukio linaloweza kumpata mtu. Wanasema alijaribiwa katika mambo yote, yaani hakuna upande wa udhaifu wetu ambao haukuguswa. Mwili wake uliumwa, alichoka hadi akaketi kisimani, alilala usingizi mzito chomboni. Ndugu zake hawakumwamini, na jamaa zake walisema amerukwa na akili. Rafiki alimuuza kwa fedha, mwingine akaapa kwamba hamjui. Alivuliwa nguo hadharani. Na yale ambayo hakuyaishi kama mama, aliyaona kwa macho yake kwa mama yake. Msalabani, pumzi ikimtoka, alimtazama Mariamu amesimama hapo, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda ili apate pa kukaa. Ni wangapi mjini hapa wanaomtumia mama pesa kila mwisho wa mwezi, na hofu yao kubwa kuliko kifo ni nani atamtunza wakiondoka? Hofu hiyo aliibeba hadi pale juu.

Padri Charles Nyamiti, mwanateolojia kutoka Tanzania aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, alimweleza Kristo kama Mhenga aliye Ndugu yetu. Wapo wanaoona lugha hiyo inakaribia mno mila za kale. Mimi naona imegusa jambo ambalo bibi zetu walilielewa bila darasa: ndugu aliyetangulia kupita mautini na bado anawajali walio nyuma ana uzito wa kuwasemea ambao mgeni hana.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na huwa inatoka kwa vijana. Kuelewa kwake hakulipi kodi ya nyumba. Mwenye nyumba ameweka kufuli mlangoni, watoto wako nje na sare za shule ziko ndani. Wewe unaniambia Yesu anaelewa. Nitafanya nini na kuelewa?

Yakobo alikwisha kuwajibia. Ukimwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa enenda zako kwa amani, ukaote moto na kushiba, na usimpe mahitaji ya mwili, yafaa nini? Anayetumia huruma ya Yesu kama kisingizio cha kutotoa elfu mbili alizonazo ameikataa huruma hiyo. Waebrania wenyewe hawaishii kwenye kuelewa. Baada tu ya kusema kuhani wetu anachukuana nasi, wanaendelea: basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, ili tupewe rehema, na kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji. Kuelewa kwake kunafungua mlango wa msaada, na msaada mara nyingi huja kwa mikono ya watu. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki za namna zote. Aliyewahi kuwekewa kufuli ndiye anayejua kwamba usiku huo kinachohitajika kwanza ni mahali pa watoto kulala na mtu wa kwenda kuzungumza na mwenye nyumba bila ukali.

Tena kuna hatari nyingine ambayo lazima itajwe. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 nchini, na Mto Mathare ulipofurika ulibeba nyumba na watu. Baada ya maji yakaja matingatinga, waliokuwa wamebakiziwa kibanda kando ya mto wakabomolewa. Mtu anaweza kusimama mbele ya familia kama hizo na kusema Yesu naye aliteseka, vumilieni kama alivyovumilia. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mwenye uwezo wa kuzuia mateso, ni dhuluma iliyovaa kanzu. Yesu aliyevumilia msalaba ndiye aliyewakaripia wanaokula nyumba za wajane na kujifanya wana sala ndefu. Aliwaponya watu siku ambayo wakubwa walitaka wasubiri. Katika Mathayo 25 hasemi "niliwaelewa wenye njaa". Anasema nalikuwa na njaa, mkanipa chakula, au hamkunipa. Kujua kwake taabu ya mtu wa Mathare ni shitaka dhidi ya yeyote anayeisababisha.

Lakini narudi kwa kijana aliyeuliza, kwa sababu swali lake halijaisha kwa kuambiwa watu watasaidia. Kuna usiku ambao hakuna anayesaidia. Simu zimepigwa, salio la kukopa limekwisha, kundi la WhatsApp limenyamaza. Ni hapo ninapoamini kwamba kueleweka ni kitu, tena kikubwa. Anayedhani Mungu anamtazama kutoka mbali kama mkaguzi hawezi kuomba. Anaweza tu kujitetea. Anayejua kwamba aliye mbele zake aliwahi kulia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" hana haja ya kutayarisha hotuba. Maneno hayo ya Zaburi 22 yalitoka kinywani mwa Mwana, na tangu siku ile si dhambi kwa mwana mwingine yeyote kuyasema.

Makanisa yetu yana nyimbo nyingi za ushindi, nami nazipenda. Tunazo chache mno za kuomboleza, ilhali sehemu kubwa ya Zaburi ni maombolezo. Ningefurahi kusikia Jumapili moja, katika ibada ya kawaida, Zaburi 13 ikisomwa kwa sauti kutoka mwanzo, "Ee Bwana, hata lini utanisahau?", na msomaji asiharakishe kufika kwenye mistari ya mwisho ya furaha. Waumini wengi wangejua kwa mara ya kwanza kwamba walichokificha moyoni kimeandikwa katika Biblia na kinaruhusiwa.

Na kwa asiyeweza kungoja Jumapili, Marko 4 ina sala fupi ya wavuvi waliokuwa wakizama: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Haina adabu, haina imani nyingi, na ni lawama kabisa. Yesu aliamka, akaukemea upepo kwanza, kisha ndipo akawauliza habari ya imani yao. Anayedaiwa kodi ya miezi miwili anaweza kuichukua sala hiyo jioni ya leo na kuisema kama ilivyo, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuongeza neno la kuipamba.